Usiku wa Mashairi: Namna ya Kuuanzisha na Kuufanya Udumu

Karibu kila mtaa una watu wanaotunga. Yuko mwalimu mwenye daftari lililojaa tenzi ambazo hajamwonyesha mtu. Yuko binti wa kidato cha sita anayeandika kwenye simu wenzake wakishalala. Yuko mzee aliyekuwa akipeleka mashairi yake redioni na magazetini enzi hizo, na mpaka leo kalamu hajaiweka chini. Wanachokosa ni mahali pa kusomea na watu wa kuwasikiliza. Usiku wa mashairi wa kila mwezi, wenye malenga mgeni na jukwaa huria kwa yeyote anayetaka kusoma, ndiyo njia nyepesi ya kuwakutanisha, na gharama yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Makala haya yanamlenga anayetaka kuuanzisha, na pia anayetaka kwenda kusoma kwa mara ya kwanza.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usiku wa mashairi ni wa yule anayesimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Malenga mgeni huvuta watu, na huwapa wanaochipukia nafasi ya kusikia kazi iliyokomaa, lakini akishaondoka ni hao wapya watakaorudi mwezi ujao. Mengi ninayoyashauri humu, tangu urefu wa muda hadi mpangilio wa majina, yanatokana na imani hiyo.

Waliotutangulia

Kusomeana mashairi hadharani tumekurithi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama, na beti hizo zilipita mdomo kwa mdomo miaka mingi kabla ya kukusanywa kitabuni. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mshairi Mathias Mnyampala na wenzake wa chama cha Kiswahili na ushairi, UKUTA, walizieneza ngonjera, zikaghaniwa shuleni na kwenye mikutano nchi nzima. Kwa hiyo ukimwambia bibi yako unaandaa usiku wa watu kughani na kujibizana, atakuelewa haraka.

Mpangilio wa malenga mgeni pamoja na jukwaa huria, kama ulivyo sasa kwenye miji mingi duniani, umekuzwa sana Marekani. Nuyorican Poets Cafe ya New York ilianzia mwaka 1973 sebuleni kwa Miguel Algarín, mshairi mwenye asili ya Puerto Rico, ambaye nyumba yake ilikuwa haiwatoshi tena wenzake waliokuwa wakija kusoma. Chicago, Marc Smith, aliyekuwa mfanyakazi wa ujenzi, alianza kuendesha jioni za mashairi mwaka 1984 kwenye kilabu kidogo kiitwacho Get Me High. Mwaka 1986 alihamia Green Mill, na hapo kila Jumapili watu walikuta mpango uleule: kwanza jukwaa huria, kisha mgeni, mwisho mashindano yanayoamuliwa na watu waliochaguliwa miongoni mwa watazamaji. Nairobi, Kwani Trust, waliotoa jarida la Kwani? kuanzia mwaka 2003, waliendesha jukwaa lao Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Goma, mashariki mwa Kongo, vijana wa Goma Slam Session hupanda jukwaani kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Ukizitazama jioni hizi kwa makini utaona kwamba hazikusimama kwa sababu ya ukumbi mzuri au vyombo vya bei. Zilisimama kwa sababu mtu alijua siku, alijua mahali, na alijua kwamba akifika atapewa zamu.

Siku, saa na mahali

Chagua siku ya wiki, wala usifuate tarehe. Ukisema "Alhamisi ya kwanza ya mwezi," mtu hahitaji tangazo ili akumbuke. Ukisema "tarehe 15," mwezi huu itaangukia Jumapili na mwezi ujao Jumatano, na kila mara utalazimika kuwatafuta watu upya. Siku ukishaipanga usiihamishe kwa sababu mgeni amepata udhuru. Mgeni asipokuja, jukwaa huria lichukue usiku wote. Watu wakija mara mbili wakakuta mlango umefungwa, mara ya tatu hawaji.

Saa inategemea mji. Kwenye miji ya pwani, kuanza saa mbili usiku kunawapa waliosali isha nafasi ya kufika bila kukimbizana. Kwenye miji ya bara ambako daladala au matatu huadimika mapema, ni afadhali kuanza saa kumi na moja jioni na kufunga saa moja. Wafikirie hasa wanawake na wanafunzi: usiku ukiisha wakati usafiri umekwisha, hutawaona tena, na hawatakuambia sababu. Mwezi wa Ramadhani ama pumzika, ama sogeza shughuli baada ya tarawehe na uwape nafasi wenye kasida na tenzi za dini. Ukifanyia uani au bustanini, andaa paa la akiba kwa miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei.

Kuhusu mahali, chumba kidogo kilichojaa kinafaa kuliko ukumbi mkubwa wenye viti vitupu. Nafasi ya watu arobaini inatosha kabisa kuanzia. Mgahawa, maktaba, darasa la shule baada ya masomo, ofisi ya chama cha mtaa, hata baraza pana ya nyumba ya mtu, vyote vinafaa. Kabla ya kukubaliana na mwenyeji, nenda pale saa ileile ya tukio, msimamishe mwenzako mbele asome kwa sauti ya kawaida bila maiki, nawe ukae kiti cha nyuma kabisa. Sikiliza feni. Sikiliza jenereta ya jirani, bodaboda zinazopita, na baa ya upande wa pili wa barabara. Chumba cha kuta tupu za zege na sakafu ya vigae hurudisha mwangwi unaoyala maneno. Tandika mikeka, ning'iniza mapazia au kanga kwenye ukuta mmoja, na utashangaa tofauti yake.

Mkiwa mgahawani, kubalianeni na mwenye mgahawa jambo moja mapema: mashine ya juisi haiwashwi mtu anaposoma. Ni jambo dogo lakini ndilo linaloharibu jioni nyingi. Oda zichukuliwe kabla ya kuanza na wakati wa mapumziko, na mhudumu apite kimya kati ya msomaji na msomaji. Mwenye biashara hatapata hasara, kwa sababu watu arobaini wanaoagiza kwa pamoja mapumzikoni wanamletea mauzo ambayo pengine hakuwa nayo usiku huo.

Usisahau vibali. Tanzania Bara, shughuli za sanaa husimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na kwenye halmashauri yupo afisa utamaduni. Zanzibar mwenye dhamana ni baraza lake, BASSFU. Kenya, anza na ofisi ya utamaduni ya kaunti. Nenda ukaulize kabla hujatangaza, umweleze afisa unachofanya, umkaribishe na yeye aje. Mjulishe pia mjumbe au mzee wa mtaa. Mara nyingi malalamiko ya kelele hutoka kwa jirani ambaye hakuna aliyemwambia kitu.

Daftari la mlangoni

Chombo muhimu kuliko vyote ni daftari na kalamu kwenye meza ya mlangoni. Chora safu nne: jina ambalo msomaji anataka aitwe, aina ya kazi yake, kama ni mara yake ya kwanza kusoma hapo, na kama anaruhusu arekodiwe. Daftari lifunguliwe nusu saa kabla ya kuanza, na lifungwe majina yakifika kumi na mawili. Atakayechelewa awe wa kwanza kuandikwa mwezi ujao, na mwahidi hivyo mbele ya wengine.

Idadi hiyo ya kumi na mawili ina hesabu yake. Kila msomaji akipewa dakika tano, inakuwa saa nzima. Kupanda, kushuka na kumtambulisha mtu huchukua karibu dakika moja kila zamu, yaani dakika kumi na mbili. Mpe mgeni dakika ishirini, mapumziko kumi na tano, na ufunguzi pamoja na matangazo dakika kumi. Hapo una dakika 117, takriban saa mbili, na huo ndio mwisho wa uvumilivu wa mtu aliyetoka kazini. Nimekaa kwenye usiku ulioendelea mpaka saa tano na nusu, na waliosoma mwisho walisomea viti.

Dakika tano zinatosha nini? Shairi la kawaida la mishororo minne yenye mizani kumi na sita lina silabi 64 katika kila ubeti, kwa hiyo beti tano ni silabi 320. Ukilisoma kwa mwendo wa mazungumzo linamalizika kwa kama dakika moja. Ukilighani, ukarefusha sauti mwishoni mwa kila kipande na kuwaacha watu waitikie kibwagizo, litachukua dakika mbili hadi tatu. Ina maana mtu anaweza kughani mashairi mawili, au kusoma matatu. Utenzi ni suala jingine. Ubeti wake una mizani 32, lakini tenzi ni ndefu: beti sitini tu ukizighani zitapita dakika kumi. Mwenye utenzi achague beti ishirini zinazosimama zenyewe, aeleze kwa sentensi moja kisa kimefikia wapi, kisha aghani. Mwambie hayo anapojiandikisha, asije akakatizwa katikati ya vita vya shujaa wake.

Usiwapange wasomaji kwa mfuatano wa kuandika majina yao. Anayesoma kwa mara ya kwanza usimweke wa kwanza, chumba kikiwa bado baridi na watu wakihangaika na viti. Usimweke pia mara tu baada ya malenga mgeni. Nafasi ya tatu au ya nne inamfaa: ameshaona wengine wakifanya, na woga haujapata muda wa kumla. Anza na mtu mwenye sauti ya uhakika, anayejulikana hapo. Mgeni asome baada ya mapumziko, na baada yake wabaki wasomaji wanne hivi, ili watu wasiinuke kuondoka pamoja naye.

Mshereheshaji

Huyu ndiye anayebeba usiku, na wengi humchagua kwa ucheshi wake tu. Ucheshi unasaidia, ila anatakiwa zaidi awe mtu anayesikiliza. Asirudie kwa maneno yake kile shairi lilichokwisha kusema, wala asitoe maksi. Akishawaambia watu "hilo shairi limenigusa, lilikuwa linasema kwamba…" ameshamnyang'anya mtunzi kazi yake. Ajifunze kutamka jina la kila msomaji kabla, ataje jina, aseme kama ni mara ya kwanza ili chumba kimpokee kwa makofi mazito, kisha aondoke mbele.

Kumkatiza aliyepitiliza muda ni kazi ngumu, hasa akiwa mtu mzima. Suluhisho ni kanuni inayotangazwa mwanzoni kwa wote: dakika ya nne mshereheshaji anasimama pembeni ya jukwaa, dakika ya tano anasogea na kuanzisha makofi. Kanuni hiyo imguse hata mheshimiwa. Na hapa nasisitiza jambo ambalo kwetu linahitaji ujasiri: usiku wa mashairi usiwe na meza kuu. Diwani akija, karibu, akae na watu, na kama ana shairi ajiandikishe mlangoni. Ukishaweka meza kuu utangoja mgeni rasmi afike, kisha utangoja hotuba, na binti wa kidato cha sita atapewa dakika mbili zilizosalia.

Malenga mgeni

Mwalike mwezi mmoja na zaidi kabla. Mwambie kwa maandishi tarehe, saa, mahali, muda wake wa dakika ishirini, aina ya watu watakaokuwepo, na utakachompa. Hata kama huna posho ya maana, nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na malazi akitoka mbali ni wajibu. Fedha hiyo mpe akifika, kwenye bahasha, asingoje hadi watu wameondoka akikuzunguka kwa haya. Kama ana vitabu, mwekee meza karibu na mlango na mtu wa kumuuzia, maana mshairi anayehesabu chenji hawezi kuzungumza na wasomaji wake.

Kwa upande wake, omba mambo mawili. Afike mwanzoni na akae mpaka mwisho. Mgeni anayeingia saa ya zamu yake na kutoka baada ya makofi anawaambia wengine kwamba kazi zao hazistahili kusikilizwa. Na ukiweza, muombe azungumze na wasomaji wapya kwa nusu saa kabla ya shughuli, juu ya jambo moja analolijua vizuri: namna ya kughani bahari fulani, namna ya kufupisha, namna ya kuanza. Nusu saa hiyo wapo wanaoikumbuka kuliko usomaji wenyewe.

Changanya wageni. Mwezi huu awe mzee wa arudhi, mwezi ujao kijana wa mashairi huru, mwingine awe mtunzi wa nyimbo za taarabu asiyezoea kusoma maneno yake bila ala. Ubishi wa wanamapokeo na wanausasa umekuwepo tangu miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, na haujaisha. Ni ubishi mzuri na una faida, lakini mahali pake ni kwenye kahawa wakati wa mapumziko. Mtu akiwa mbele ya maiki asiulizwe kama alichosoma ni shairi.

Kwa anayesoma kwa mara ya kwanza

Andika au chapa shairi lako kwa herufi kubwa kwenye karatasi, upande mmoja tu. Ukisoma kwenye simu, izuie isijizime, iweke katika hali ya ndege, na punguza mwanga usikumulike uso. Nyumbani soma kwa sauti, ukiwa umesimama, ukijipima kwa saa. Utagundua neno linalokukwama kila mara ulifikapo. Libadilishe, kwa kuwa ulimi ukikwama nyumbani utakwama na ukumbini.

Usitangulize maelezo marefu. Wengi hutumia dakika tatu kueleza walivyokuwa siku walipoandika, kisha shairi lenyewe linachukua moja. Taja jina la shairi, vuta pumzi, anza. Usiombe radhi kwamba hukujiandaa. Watu wamekuja kukusikia na wanakutakia mema.

Maiki ikae umbali wa kama shubiri moja kutoka mdomoni, imeelekea kidogo pembeni, ili herufi kama p na b zisipige mshindo kwenye spika. Usiishike kichwani wala usiigongegonge kuona kama inafanya kazi. Sema "hamjambo" na utajua. Kama stendi imekuzidi urefu, chukua muda uishushe. Soma polepole kuliko unavyoona inatosha, kwa sababu woga huharakisha. Kwenye shairi la vina, pumzika kidogo kina cha kati kinapoisha na zaidi kidogo mwisho wa mshororo, bila kuugeuza usomaji kuwa mdundo wa ngoma. Maana ya sentensi ikivuka mshororo, vuka nayo.

Kama unajua kughani, ghani. Vijana wengi wanaliogopa hilo wakidhani ni la wazee au la Maulidi, ilhali sauti ya kughani ndiyo inayowafanya watu wakamate beti wasizowahi kuzisoma. Na kama huna sauti ya kughani, usomaji mtulivu unatosha kabisa.

Wasikilizaji, kutunza na kibwagizo

Msikilizaji wetu ana desturi ya kuitikia. Atasema "naam," atasema "hewala," ataupokea mshororo wa mwisho unaporudi kwa mara ya tatu. Mwache aitikie, chumba kisichotoa sauti kinamtisha msomaji. Kinachopaswa kuzuiwa ni mazungumzo, simu zinazolia, na taa za simu za wanaopiga picha.

Kutunza ni jambo la kuamua mapema. Kwenye taarabu mtu huinuka na noti, akatunza, na ni sehemu ya raha. Kwenye usiku wa mashairi ningeshauri lisifanyike mtu anaposoma. Mwenye ndugu wengi ukumbini atatunzwa, mgeni wa mtaa hatatunzwa, na ghafla usomaji umegeuka hesabu ya nani ana watu. Pitisha kikapu kimoja wakati wa mapumziko, fedha iende kwenye nauli ya mgeni, kukodi spika, chai na kashata. Mwezi unaofuata tangaza kilichopatikana na kilivyotumika, hadharani, hata kama ni kidogo. Kiingilio, kama ni lazima kiwepo, kiwe kidogo, na mwenye kusoma asilipe.

Mashindano je? Chicago yalijaza ukumbi, na hata hapa Afrika Mashariki yamewapa vijana wengi majina. Lakini usianze nayo. Maksi humfukuza yule yule unayemtafuta, kwani hapendi jambo la kwanza kuambiwa kuhusu shairi lake liwe namba. Baada ya mwaka, watu wakishazoeana, fanyeni shindano moja kubwa, usiku wake wa peke yake.

Badala yake, napendekeza kibwagizo cha mwezi. Mwisho wa kila usiku, malenga mgeni aache mshororo mmoja wa mizani kumi na sita, ulioandikwa kwenye ubao au karatasi kubwa, kuhusu jambo linalowahusu watu: maji ya mtaa, kodi ya nyumba, mapenzi ya mbali, bei ya unga. Anayetaka arudi mwezi ujao na shairi linaloishia kwa mshororo huo, au shairi linaloupinga. Wenye mashairi huru waujibu kwa namna yao. Tenga dakika kumi na tano kabla ya mapumziko kwa majibu hayo tu, na punguza majina ya kawaida yawe tisa au kumi. Faida yake ni nyingi. Asiyejua aandike nini amepata pa kuanzia. Wazee na vijana wanaingia kwenye hoja moja. Na mtu anakuwa na sababu ya kurudi, maana hakuna mtunzi asiyetaka kusikia wenzake wamefanyaje na mshororo uleule uliomkesheza.

Umeme, rekodi na mipaka

Spika iwekwe mbele ya maiki, ikiwatazama watu. Ikiwa nyuma ya msomaji itapiga mluzi. Kwa chumba cha watu arobaini, spika moja ndogo ya kuchaji inatosha, na ina faida ya kuendelea umeme ukikatika. Weka pia taa mbili za kuchaji karibu na jukwaa. Vyote vikizimika, wasogezeni watu, endeleeni kwa sauti za vinywani.

Kuhusu kurekodi, mashairi yetu yamesafiri kwa kila chombo kilichopatikana. Shairi la Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, Wasiya wa Mabanati, lililotungwa mwaka 1974, lilisambazwa kwa kaseti na kusikilizwa majumbani. Leo simu moja inafanya kazi ya kaseti elfu, na ndiyo sababu ruhusa iulizwe. Mtunzi ana haki juu ya shairi lake tangu alipoliandika, hata kama halijachapishwa wala kusajiliwa popote, na kulisoma hadharani hakumpi mwingine ruhusa ya kulisambaza au kulitia kwenye wimbo wake. Fuata safu ya nne ya daftari: aliyesema hapana, kamera izimwe. Wapo wanaosoma juu ya ndoa, ugonjwa au msiba, na wangependa maneno yaishie mle chumbani. Mwenye swali la haki zake aende kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara au KECOBO kwa Kenya.

Mipaka ya yanayosomwa iwe michache na ijulikane. Matusi ya nguoni, uchochezi dhidi ya kabila au dini, na kumchafua mtu binafsi kwa jina, visipewe nafasi. Zaidi ya hapo, waache watu waseme. Ushairi wa Kiswahili umejaa mafumbo kwa sababu watunzi wake walikuwa na mambo ya kuwaambia wakubwa. Wakiwemo watoto wa shule, wape zamu za mwanzo, mzazi au mwalimu awepo, na mwenye shairi la watu wazima apangwe baadaye.

Usiku wenye watu saba

Usiku huo utakuja, pengine mwezi wa tatu, pengine mvua ikinyesha. Usiahirishe. Zima maiki, panga viti duara, kila mmoja asome mara mbili, na mgeni asome kama alivyokusudia. Usiwaombe radhi waliokuja kwa ajili ya wasiokuja. Baadhi ya usiku bora niliowahi kukaa ulikuwa wa aina hiyo, kwa sababu kila shairi lilizungumziwa na hakuna aliyeondoka bila kujulikana jina.

Siku mbili baada ya kila usiku, fungua daftari. Mtumie ujumbe kila aliyesoma kwa mara ya kwanza, umtajie sehemu moja ya shairi lake uliyoikumbuka, na umwambie tarehe inayofuata. Andika pembeni ya jina lake alichosoma. Ukifika mwezi wa kumi au wa kumi na mbili, rudi kwenye kurasa za nyuma utafute mtu aliyeanza na shairi moja akiwa anatetemeka na sasa ana kazi ya kujaza dakika ishirini. Mpigie simu, umwalike awe malenga mgeni, umpe masharti yaleyale uliyowapa waliotoka mbali: mwezi mmoja wa kujiandaa, bahasha akifika, meza ya vitabu au vijitabu vyake alivyotoa kivuli, na haki ya kuchagua kibwagizo cha mwezi unaofuata.